Kichwa cha Neno la Kiingereza: Kinaposema Kweli na Kinapodanganya

Aliyekua na Kiswahili amezoea kulisoma neno kuanzia kichwani. Mtoto, watoto, kitoto, utoto: shina ni moja, vichwa ni vinne, na kila kichwa kimetoa habari zake kabla shina halijasikika. Ndiyo maana watu wazima wanaosoma Kiingereza jioni mjini Nairobi, wakitoka kazini, huanza mapema kuyapasua maneno ya lugha hiyo kwa njia ile ile. Wakiona “in-” wanasema “si”. Wakiona “dis-” wanasema “ondoa”. Mara nyingi wanapatia. Wanapokosea, hukosea kwa kujiamini, na anayekosea kwa kujiamini hafungui kamusi.

Ugumu ni kwamba kichwa cha neno la Kiingereza hakina kazi moja. Herufi mbili au tatu za mwanzo zinaweza kuwa kiambishi kilicho hai hadi leo, ambacho mzungumzaji anakibandika popote apendapo. Zinaweza kuwa kiambishi cha Kilatini au Kigiriki kilichoganda kwenye neno karne nyingi zilizopita. Zinaweza kuwa alama ya lugha ambako neno lilikopwa, au ukoo wa sauti tu, yaani maneno yanayokaribiana maana bila kuzaliwa na mzazi mmoja. Au ni sadfa tupu. Kabla ya kusema kichwa kina maana gani, jua kwanza uko mbele ya kipi.

“In-” ndiyo inayoponza wengi, kwa hiyo tutakaa nayo kidogo. Ziko mbili. Ya kwanza inakanusha: “incorrect” ni kisicho sahihi. Hubadili sura kulingana na herufi inayoifuata, ikawa “im-” mbele ya p, b na m (“impossible”), “il-” mbele ya l (“illegal”) na “ir-” mbele ya r (“irregular”). Sehemu hii haihitaji kukaririwa sana, maana mdomo wa Mswahili unafanya kazi hiyo kila siku: tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya na nyumba mpya. Midomo ikijiandaa kufunga kwa ajili ya b au p, n inageuka m. Wanafunzi wakishaonyeshwa hilo, makosa ya “inpossible” hupungua haraka kuliko kwa jedwali lolote la ubaoni.

“In-” ya pili, ya Kilatini vilevile, ina maana ya “ndani” au “kuelekea”. “Import” ni kubeba na kuingiza, “inject” ni kutupia ndani, “include” ni kufungia ndani. Hii nayo hugeuka “im-”, “il-” na “ir-” kwa masharti yale yale, kwa hiyo sura haisaidii kuzitofautisha. Kinachosaidia ni mabaki. Kata kichwa, tazama kilichobaki. Kikiwa kivumishi kinachosimama peke yake, kama correct, legal au possible, basi jibu ni “si” karibu kila mara. Kikiwa kitendo au shina la kitendo, kama port, ject au flame, jaribu “ndani” kwanza.

Hapo ndipo “inflammable” inapoeleweka. Imetokana na “inflame”, kuwasha moto, na maana yake ni kinachoshika moto kwa urahisi. Kwa kuwa anayelisoma kinyume anaweza kuungua, watu wa usalama wa moto walianza karne ya 20 kuhimiza “flammable”, na ndilo neno linaloandikwa siku hizi kwenye malori ya mafuta yanayopita Mombasa Road. Kisichoshika moto ni “non-flammable”. Ukiandika kibandiko cha stoo kule Industrial Area, achana na “inflammable” hata kama kamusi inakuruhusu.

“Invaluable” huharibu barua za shukrani kwa njia hiyo hiyo. Mabaki yake ni “value” ikiwa kitendo, kukadiria. Chenye sifa hiyo thamani yake haikadiriki. Ukitaka kusema kitu hakina thamani, sema “worthless”. Na “infamous” si mtu asiyejulikana. Anajulikana sana, ila kwa ubaya.

Mfano tunaoupenda zaidi unatoka sokoni. Managu na terere huitwa kwenye magazeti ya Kiingereza “indigenous vegetables”, mboga za kienyeji. Jirani wa neno hilo kwenye kamusi ni “indigent”, fukara, neno lililomo kwenye Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Herufi saba za mwanzo ni zile zile, na mwanafunzi makini atadhani wenyeji na mafukara ni ukoo mmoja. Yote mawili yana “indu”, umbo la kale la Kilatini la “ndani”, lakini la kwanza limeshikamana na shina la kuzaliwa, na la pili na kitendo “egere”, kukosa au kuhitaji. Hapa kukata herufi mbili hakutoshi. Ukikata “in-” ukabaki na “digenous”, kitu ambacho hukijui, hiyo ni ishara kwamba umekata pasipo kiungo.

“Un-” ni ya Kiingereza chenyewe na iko hai kabisa. Mbele ya kivumishi inakanusha: “unfair”. Mbele ya kitendo inafanya jambo jingine, inatengua. Mwalimu anayesema “un- maana yake ni si” atamfanya mwanafunzi atafsiri “untie” kama kutofunga. Dawa iko kwenye Kiswahili. Sisi tunatengua mkiani: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Kiingereza kinatengua kichwani: tie, untie; block, unblock; fold, unfold. Panga jozi hizo kwenye safu mbili na hutahitaji maelezo mengine.

Kisha kuna “uni-” ya Kilatini, yenye maana ya moja: uniform, union, unit. Hapa sikio linatosha. Neno likianza kwa sauti ya “yu”, ni moja. Likianza kwa sauti inayokaribia “a”, mara nyingi ni kanusho au tenguo. Jozi ya kuangalia ni “uniformed” na “uninformed”. Askari wa kwanza amevaa sare, wa pili hana habari, na kinachowatenganisha ni n moja. Programu ya kusahihisha tahajia haitakushtua, maana yote mawili ni maneno halali.

Kwa “dis-”, jozi ya Nairobi ni “disburse” na “disperse”. Serikali ikitoa fedha za basari, inafanya la kwanza; polisi wakitawanya waandamanaji, wanafanya la pili. Zikichanganywa kwenye ripoti, karo za watoto huonekana zimetawanywa barabarani kwa vitoa machozi. Mabaki yanaokoa tena: “burse” ni mkoba, wa ukoo mmoja na “bursary” na “bursar”. Kwa hiyo “disburse” ni kutoa mkobani, na “reimburse”, neno la kila mhasibu, ni kurudisha ndani ya mkoba. Ukishayaona hayo manne pamoja, huyasahau. “Disperse” ina mabaki ya kitendo cha Kilatini cha kunyunyiza. Mbele ya f, “dis-” hugeuka “dif-”, kama katika “differ”. “Dish” haimo humu kabisa: ni mtoto wa Kilatini “discus”, kisahani, na ndugu zake ni “disc” na “desk”.

Hospitalini kosa la kichwa halichekeshi. “Hyper-” ni juu mno, “hypo-” ni chini mno, yote kutoka Kigiriki. “Hypertension” ni presha iliyopanda, “hypotension” ni iliyoshuka. “Hyperglycaemia” ni sukari nyingi mno kwenye damu, “hypoglycaemia” ni sukari iliyoshuka mno, na tiba zake zinaenda kinyume: mwenye hypo anahitaji kitu chenye sukari upesi, mwenye hyper huenda anahitaji insulini. Kwenye simu yenye kelele, au mwandiko wa haraka mwisho wa zamu, vichwa hivyo viwili havitofautiani vya kutosha. Njia salama ni kutaja maana baada ya neno: “hypo, sukari iko chini,” pamoja na kipimo chenyewe. Ya kukumbukia: h ya Kigiriki mara nyingi husimama mahali pa s ya Kilatini, kwa hiyo hyper ni ndugu wa super, na hypo ni ndugu wa sub. Ndiyo maana wenye maduka makubwa wakitaka kujigamba kupita supermarket hujiita hypermarket.

Kliniki ya wajawazito ni “antenatal”, na “ante-” ni kabla. Anayeisoma kama “anti-”, kupinga, ataona kliniki inayopinga uzazi. Mtego ni kwamba “anticipate”, kutarajia, kwa asili ni “ante-” iliyobadili irabu njiani. “Intra-” ni ndani ya kitu kimoja, kama sindano ya “intravenous” inayoingia ndani ya mshipa. “Inter-” ni kati ya vitu, kama “international”. Mashindano ya “inter-school” ni kati ya shule na shule. Hilo la mwisho wengi wanalijua hata bila sisi.

Kwenye karatasi za sheria, jozi mbili zinatosha. “Prescribe” ni kuandika mapema kinachotakiwa kufanywa, ndivyo daktari anavyoandika dawa. “Proscribe” ni kupiga marufuku, ndivyo kikundi kinavyoharamishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Vichwa “pre-” na “pro-”, shina lile lile la kuandika, maana zinakaribia kupingana. “Prosecute” ni kushtaki mahakamani. “Persecute” ni kutesa. Mtuhumiwa hudai la pili huku mwendesha mashtaka akisisitiza la kwanza.

“Re-” ya kurudia ni rahisi mpaka ufike kwenye kistari. “Resign” ni kujiuzulu. “Re-sign” ni kusaini tena. Mchezaji aliye-“re-sign” amebaki klabuni, na aliye-“resign” amekwenda. Vivyo hivyo “recover”, kupona, na “re-cover”, kufunika upya. Kistari kinapokuwepo, “re” hutamkwa kwa ukamilifu, “rii”, na neno huwa na maana ya moja kwa moja. Kwenye jozi za namna hii, kisipokuwepo, sauti ya kichwa hufifia na maana nayo huwa imekwenda mbali na asili yake. Usikiache kistari hicho kwa sababu ya uvivu wa kidole.

Tuingie sasa kwenye vichwa ambavyo havina maana ya viambishi bali vinataja kwao. “Al-” ni mzuri kuanza nao kwa Waswahili. Algebra ni al-jabr ya Kiarabu. Alcohol ni al-kuhl, iliyokuwa kwanza unga laini wa kupaka machoni, kazi ya wanja. Alcove imetoka al-qubba, na qubba hiyo hiyo ndiyo iliyotupa kuba la msikiti. Algorithm inabeba jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa karne ya 9 aliyefanya kazi Baghdad. Mtu akiishia hapo ataona kila “al-” ni ya Kiarabu. Lakini always, almost, already na alone ni “all” iliyopoteza l moja. Alone ni “all one”, mmoja tupu. Album na albino zinatoka Kilatini “albus”, nyeupe. Alibi, utetezi wa mshtakiwa kwamba alikuwa kwingine, ni neno zima la Kilatini lenye maana ya “kwingine”, halina kiambishi. Herufi mbili, asili nne, na jicho peke yake halitakutofautishia.

“Sk-” mara nyingi ni alama ya Wavikingi waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9: sky, skin, skill. Kiingereza chenyewe kilikuwa kimelainisha sauti hiyo kuwa “sh”. Kwa hiyo marobota ya mitumba ya soko la Gikomba yana ndugu wawili waliotenganishwa: “shirt” ya Kiingereza na “skirt” ya Wavikingi, neno moja kwa asili, vazi fupi.

“Ch-” nayo ina sauti tatu, na kila sauti inataja njia yake. Ya “child” ni ya Kiingereza cha zamani au Kifaransa kilichoingia mapema. Ya “chef”, inayosikika “sh”, ni Kifaransa kilichoingia baadaye. Ya “chemist”, inayosikika “k”, ni Kigiriki. Ukijua hivyo hutamki “chorus” kwa ch ya chai. Tena “chief” na “chef” ni neno moja la Kifaransa lililokopwa mara mbili, mbali mbali kwa karne kadhaa, na Kilatini chake ni “caput”, kichwa. Chifu wa lokesheni na mpishi mkuu wa hoteli wanabeba cheo kimoja.

Wapo wanaocheka upotovu wa namna hii, kwamba watu wanaona kiambishi mahali kisipokuwepo. Kiswahili chenyewe kimeufanya, tena kwa ufanisi. Kitabu ni kitab ya Kiarabu, ambayo ki- yake haikuwa kiambishi. Sisi tukasema vitabu. “Keep left” ya barabarani ikawa kiplefti, na zikiwa nyingi, viplefti. “Mudguard” ikasikika kama wingi, madigadi, basi moja likawa digadi. Waingereza nao walikata vibaya: “a napron” ikawa “an apron”, “a noumpere” ikawa “an umpire”. N ilihama kutoka neno moja hadi jingine. Kwa maneno hayo, herufi ya mwanzo unayoiona leo haikuwa ya kwanza, na kuichambua ni kupoteza jioni.

Ukoo wa sauti ndio unaopendwa na wanafunzi, na ndio unaotumiwa vibaya zaidi. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliupa jina mwaka 1930, fonestimu. Maneno mengi ya “gl-” yanahusu mwanga au kuona: glow, gleam, glitter, glimmer, glint, glare, glance. Mengi ya “sn-” yanahusu pua na mdomo: sniff, snore, snort, snout. “Wr-” inakusanya kupinda na kusokota: wring, wrist, wriggle, wrench, wrinkle, hata “wrong”, ambayo asili yake ni iliyopinda. Kiswahili hakikosi cha kulinganisha: metameta, meremeta, memeteka. Ukoo huu una nguvu ya kuvuta wageni. Kupiga chafya kwa Kiingereza cha Kale kulianza kwa “fn-”. Neno likaja kuwa “sneeze”, ama kwa kuwa f na ile s ndefu ya zamani zilifanana kwa macho, ama kwa kuwa pua tayari zilikuwa za “sn-”.

Lakini glove na glue hazing’ai, na snow haina pua. Ukoo wa sauti unakusaidia kukumbuka neno ambalo tayari umelijua, na kubahatisha kwenye riwaya unapokutana na “glisten” bila kamusi karibu. Usiutumie kwenye mkataba.

Namna ya kufanya kazi hii inayodumu ni ya daftari. Chukua la kurasa 96, toa kurasa mbili zinazotazamana kwa kila kichwa. Kushoto andika maneno yanayotii, kulia yanayodanganya. Anza na un-, re-, dis- na in-, ambavyo utakutana navyo kila siku. Hyper-, intra- na wenzake wasubiri, isipokuwa kama kazi yako ni ya afya. Usijaze ukurasa kwa kunakili kamusi kutoka juu hadi chini. Okota maneno kwenye gazeti, risiti, barua ya benki, kadi ya kliniki, maana ukiwa na sentensi ulikolitoa neno, maana yake haitelezi. Maneno kumi kushoto na matano kulia yanatosha kwa kichwa kimoja kabla ya kwenda kingine.

Kwa kila neno kata kichwa, kisha tafuta dada: maneno mengine yenye mabaki yale yale na kichwa tofauti. Import ina export, transport, deport, report. Receive ina deceive, perceive, conceive, na ndipo unapogundua kwamba “-ceive” ni kuchukua ingawa haisimami peke yake. Dada wawili wakipatikana, umekata mahali pa kiungo. Wasipopatikana, simama, usibuni.

Kisha nenda kwenye asili ya neno. Kamusi nyingi za wanafunzi zilizochapishwa hazina sehemu hiyo. Tafuta Chambers au Concise Oxford kuukuu kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji, au tumia Etymonline kwenye simu, ambayo ni bure. Vifupisho vya kujua ni vichache: OE ni Kiingereza cha Kale, ON ni lugha ya Wavikingi, OF Kifaransa cha Kale, L Kilatini, Gk Kigiriki. Ukiona OE mbele ya neno linaloanza kwa “in-” au “re-”, kama “inch” au “reach”, karibu hakika hapo hakuna kiambishi cha Kilatini. Inch kweli ni ya Kilatini, “uncia”, sehemu moja ya kumi na mbili, ila iliingia mapema mno hata kamusi ikaipa OE kwanza, basi soma mstari wote mpaka mwisho.

Maneno yasiyopata dada wala asili inayoeleweka yapewe kurasa za nyuma ya daftari, bila kichwa. “Uncle” itakaa huko siku chache. Halafu utakuta kwamba haina “un-” yoyote, imekatwa herufi za mbele kutoka Kilatini “avunculus”, ndugu wa kiume wa mama, mjomba hasa; baba mdogo alikuwa na neno lake, “patruus”, ambalo Kiingereza hakikulichukua.